Mbio za kuuzunguka Mont Blanc, na swali la mzee

Nimerudi mezani. Kucha mbili za miguu zimegeuka nyeusi, ngozi ya pua imebabuka kwa jua, na nikishuka ngazi za hapa ninapoishi nashika ukuta kama bibi. Lakini nina furaha isiyo kifani. Mwezi wa nane nimeuzunguka mlima Mont Blanc kwa miguu yangu. Palipokimbilika nilikimbia, paliponishinda nilitembea. Nchi tatu, siku sita, kama kilomita 170. Wengi mmeniuliza ilikuwaje, na mzee wangu naye ameuliza swali lake, zito kuliko ya kwenu yote. Kwa hiyo leo naandika kirefu. Kamata kikombe cha chai kabisa.

Kwanza kwa wale ambao hawajawahi kuusikia mlima huu. Mont Blanc uko mpakani mwa Ufaransa na Italia, na Uswisi iko jirani kabisa. Una mita 4,800 na kidogo, kwa hiyo mbele ya Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895 ni mdogo mtu. Njia ninayoizungumzia haifiki kileleni. Inauzunguka mlima kwa chini, inapanda bonde hili, inavuka upande wa pili, inashuka, inapanda tena, mpaka unarudi ulipoanzia. Jina lolote la huko linaloanza na neno Col ujue ni mahali pa kuvukia, pale ambapo ukingo wa mlima umeinama kidogo kati ya kilele na kilele. Col ziko nyingi, na kila moja ina bei yake.

Ukijumlisha mipando yote unapata kama mita 10,000. Usiisome namba hiyo haraka haraka. Kutoka geti la Marangu mpaka kilele cha Uhuru ni kama mita 4,000 za kupanda. Maana yake mzunguko huu ni kama kupanda Kilimanjaro mara mbili na nusu, tofauti ni kwamba hewa ya kule haikati pumzi kama ya kwetu. Watembeaji wa kawaida huchukua siku 10 hivi. Halafu kuna wendawazimu. Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya kuuzunguka kwa mkupuo mmoja, usiku na mchana, kuanzia mji wa Chamonix na kurudi hapo hapo. Mshindi wa kwanza alikuwa Mnepali, Dawa Dachhiri Sherpa, aliyetumia saa 20 na dakika chache. Mwaka 2022 Mhispania Kilian Jornet alitumia saa 19 na dakika 49. Mkimbiaji wa kawaida hupewa saa 46 na nusu, zikiisha anaondolewa njiani. Mimi sikushindana na mtu. Nilikuwa na rafiki yangu mmoja Mfaransa tunayesoma naye hapa Geneva, begi la kilo tano mgongoni, na ramani.

Sasa tuje kwenye jambo lililonichekesha njia nzima. Ukiwa mweusi na umevaa kaptula ya kukimbilia huko Alps, kila unayepishana naye ana swali moja: wewe Mkenya? Ukisema hapana, Mtanzania, anafurahi vile vile: aaa, basi mna mapafu! Siwalaumu sana. Majirani zetu wametujengea jina. Patrick Kipngeno wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 na tena mwaka 2023. Mwenzake Philemon Kiriago alishinda mbio maarufu za Sierre-Zinal kule Uswisi mwaka 2023, kilomita 31 za milimani. Lakini jamani, Kipngeno ni Kipngeno na mimi ni mimi! Kuna mama mmoja wa Kiitaliano, umri wa shangazi yangu mkubwa, alinipita kwenye mlima huku anaongea na mume wake. Sikumbuki kuona jasho.

Mapafu yangu ni ya mwandishi wa habari aliyezoea kukaa kwenye kiti. Kitu nilichonacho kutoka nyumbani ni kingine, na hapo ndipo mzee anapoingia.

Baba yangu alikuwa mpagazi Kilimanjaro. Miaka 22 alibeba mizigo ya wageni njia ya Marangu: Mandara, Horombo, Kibo, halafu chini tena, halafu mapumziko ya siku mbili kama yapo, halafu juu tena. Mayai, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, mabegi ya watu. Kanuni inasema mpagazi abebe mzigo wa kilo 20. Mzee akiulizwa kuhusu hizo kilo 20 hucheka tu, hasemi kitu. Tulisoma sote watatu kwa kichwa chake na mabega yake. Aliacha kazi magoti yalipokataa. Siku ya mwisho kampuni aliyokuwa akiifanyia ilimpa mkono na koti. Koti lipo mpaka leo, analivaa akienda kanisani wakati wa baridi.

Kwa hiyo nilipompigia simu wiki moja kabla ya safari nilijiandaa kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umekula?"

Nikamweleza mpango wote. Kilomita 170, nchi tatu, kulala kwenye nyumba za wapandaji, kuamka alfajiri. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Sasa mama, hizo kilomita zote, nani anakulipa?"

"Hakuna anayenilipa baba. Mimi ndiye ninayelipa. Kitanda nalipa, chakula nalipa."

"Yaani unalipa ili uchoke?"

Nilicheka, naye akacheka, tukaagana. Lakini swali lile nililibeba kwenye begi siku zote sita, na lilikuwa na uzito kuliko nguo.

Tulianzia Les Houches, kijiji kilicho bonde moja na Chamonix, mwinuko wa mita 1,000 hivi. Siku ya kwanza inakufundisha adabu mapema. Unapanda Col de Voza, ambako treni ya watalii inakatiza mbele yako ikiwa imejaa watu waliokaa wakila biskuti. Unashuka Les Contamines, unapita kanisa la Notre-Dame de la Gorge lililo mwisho wa bonde, na hapo kanisani njia inasimama wima. Chini ya miguu ni mawe makubwa ya barabara ya kale wanayoiita ya Kirumi. Juu kabisa ni Col du Bonhomme, mita 2,329, na ukidhani umemaliza, kuna Croix du Bonhomme bado, juu zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hizi zinazoitwa mbio za milimani, kwa sehemu kubwa ni kutembea. Hata mabingwa hutembea kwenye miinuko mikali. Wanaweka mikono juu ya mapaja, wanainamisha mgongo, hatua fupi, pumzi inakwenda sawa na mguu. Kukimbia ni pale kwenye tambarare na kwenye mteremko.

Rafiki yangu alikuwa na haraka. Amezaliwa bonde lile, na alianza kwa kasi ya mtu anayewahi daladala. Mimi nilikwenda pole pole, kwa maana ile ya wapagazi wa Kilimanjaro, ambayo si uvivu. Mzee alinifundisha nikiwa mdogo tukipanda kwenda kwa bibi na kuni kichwani: kama huwezi kuongea, umeshakwenda mbio mno. Ukisimama kupumzika kila baada ya hatua 50 utachoka kuliko yule asiyesimama kabisa. Tulipofika juu rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye jiwe uso mwekundu, na mimi nilikuwa nyuma yake dakika nne tu, nikiwa bado na hamu ya kula. Akaniuliza, nani alikufundisha? Nikamwambia, mtu aliyelipwa kwa siku.

Siku ya pili tulivuka kwenda Italia kupitia Col de la Seigne, mita 2,516. Nilikuwa nimefunga kibali changu cha kuishi Uswisi na pasipoti kwenye mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya nyingine, na njia nzima ya kupanda nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia askari wa mpakani. Nyie mnaosafiri na pasipoti yetu mnanielewa. Nikafika juu. Kuna rundo la mawe lililopangwa, upepo, na watu wanapiga picha. Basi. Hakuna geti, hakuna askari, hakuna wa kukuuliza unakwenda kwa nani na utarudi lini. Nilisimama mguu mmoja Ufaransa na mwingine Italia nikakumbuka foleni ya kuombea viza. Mbele yetu upande wa kusini wa Mont Blanc ulikuwa wazi wote, mweusi, wa majabali, hauna ule upole wa theluji unaouona kwenye kadi za posta. Chini yake barafu ya Miage imefunikwa na kifusi cha mawe kiasi kwamba ukiambiwa hiyo ni barafu unabisha.

Tukashuka Courmayeur. Nilikula sahani mbili za tambi na nikaiangalia ya tatu.

Siku ya tatu ilianza vizuri kuliko zote. Ukishapanda kutoka Courmayeur mpaka nyumba ya Bertone, njia inakwenda ubavuni mwa mlima kwa kilomita nyingi bila kupanda sana, na ng'ambo ya bonde ukuta wa Grandes Jorasses unakuangalia. Pale nilikimbia. Nilikimbia kweli kweli, bila kufikiria mguu unatua wapi, nikipita katikati ya nyasi na maji yanayoteremka. Kama kuna jibu la nani ananilipa, nusu yake nililipata asubuhi ile.

Mchana mambo yakabadilika. Tulikuwa tumefika nyumba ya Elena, mwinuko wa mita 2,061, kituo cha mwisho kabla ya Grand Col Ferret ambako Italia inaisha na Uswisi inaanza. Ilikuwa saa nane. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka nyuma yetu, meusi kwa chini, na upepo ukawa wa baridi ghafla. Mpango wetu ulikuwa kulala La Fouly, ng'ambo, na kumaliza mzunguko kwa siku tano. Vitanda tulishalipia. Rafiki yangu akapiga hesabu: mita 480 za kupanda, tukijitahidi ni saa moja na nusu, mvua itatukuta tunashuka. Kuna watu watatu walitupita hapo hapo wakaendelea na safari.

Nikamwambia mimi sivuki.

Akasema tutapoteza siku nzima na pesa ya vitanda. Nikamwambia ndiyo. Akasema ngurumo ziko mbali. Nikamwambia mzee wangu ana usemi mmoja: mlima haukimbii, utaukuta kesho, wewe ndiye unayeweza usikutwe. Kule Kilimanjaro aliwahi kushuka na wenzake wamembeba kijana mwenzao, na tangu hapo hana mjadala na mawingu. Kwenye Col hakuna mti, hakuna jabali la kujificha, kitu kirefu kuliko vyote ni wewe na fimbo zako mbili za chuma. Hata wale mashujaa wa mashindano husimamishwa. Mwaka 2010 waandaaji walisitisha mbio usiku kwa sababu ya hali ya hewa, na watu walikuwa wamejiandaa mwaka mzima.

Alinuna. Tukaingia ndani. Haikupita dakika 40 radi ikapiga upande wa juu, kisha mvua ya mawe ikashuka kwenye bati mpaka tukawa hatusikilizani. Mhudumu akawasha taa mchana. Wale watatu walirudi baadaye wameloa, wanatetemeka, mmoja wao analia waziwazi. Walikuwa wazima, tunamshukuru Mungu. Rafiki yangu hakusema kitu, alikwenda akaninunulia supu. Huo ndio ulikuwa msamaha wenyewe na nikaula wote.

Jioni mvua ilipokata tulitoka nje kuiangalia barafu ya Pré de Bar inayoning'inia mbele ya nyumba ile. Imerudi nyuma sana. Zamani ilimwagika mpaka bondeni, leo ni mwamba mtupu na barafu imebaki juu. Nikampiga picha nikamtumia baba kwa WhatsApp. Akajibu kwa sauti: "Na huko pia? Basi ni kama Kibo tu." Yeye ameiona barafu ya Kibo ikipungua kwa macho yake, safari baada ya safari, bila kusoma ripoti hata moja.

Siku ya nne tulivuka Grand Col Ferret, mita 2,537, saa moja asubuhi, anga bluu kama limefuliwa. Nikaingia Uswisi, nchi ninayoishi, kwa mlango wa nyuma. Mteremko wa kwenda La Fouly ni mrefu na laini, ng'ombe wana kengele shingoni kubwa kama sufuria, na jioni tukalala Champex penye ziwa. Siku ya tano tukapitia Bovine, tukashuka Trient ambako kuna kanisa la rangi ya waridi, usiniulize kwa nini, tukapanda Col de Balme na kurudi Ufaransa. Pale juu Mont Blanc unauona tena, mweupe wote, kama hujawahi kuuzunguka. Tukalala chini ya bonde, karibu na Argentière.

Siku ya sita ndiyo iliyonitoa machozi, na si kwa uzuri.

Asubuhi kuna ngazi za chuma zimepigiliwa kwenye mwamba, unapanda kwa mikono na miguu huku chini yako ni hewa. Hizo nilizimudu. Njia inapita La Flégère, inakwenda mpaka Le Brévent, mita 2,525, na toka hapo unarudi Les Houches. Piga hesabu mwenyewe: ni mita 1,500 za kushuka, mfululizo, kwenye mawe na mizizi, ukiwa na siku tano miguuni. Watu wanaogopa kupanda. Kupanda kunakula pumzi, na pumzi inarudi. Kushuka kunakula magoti. Kila hatua uzito wako wote unadondoka juu ya goti moja, misuli ya paja inajaribu kukaza breki huku inarefuka, na inachanika kidogo kidogo. Ndiyo maana unachukua hatua fupi za haraka, goti limekunjwa kidogo, macho mita tatu mbele. Ndiyo maana kuna fimbo.

Katikati ya mteremko ule nililia. Nilikuwa na kilo tano mgongoni. Nilikuwa na raba nzuri, fimbo mbili, dawa ya maumivu, na nilikuwa ninakwenda kuoga maji ya moto. Nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga maisha yangu yote: mtu mwenye kilo 20 kichwani, anashuka kutoka Kibo mpaka Marangu, mita karibu 2,900, kwa siku mbili, akiwa na raba za mtumba. Halafu anarudia. Miaka 22. Nimekua naona mzee anashika meza akinyanyuka, nikaona ndivyo wazee walivyo. Mteremko wa Le Brévent ulinieleza kwa kilomita chache kitu ambacho mzee hajawahi kukisema.

Tulifika Les Houches saa kumi jioni. Tukapanda basi kwenda Chamonix kula. Na hapo Chamonix kuna sanamu ambayo nataka niwaambie habari zake.

Ni sanamu ya watu wawili. Mmoja ni Horace-Bénédict de Saussure, tajiri na msomi wa Geneva, ambaye mwaka 1760 aliahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kilele cha Mont Blanc. Mwingine ni Jacques Balmat, mtu wa kijijini, mwindaji na mtafuta mawe ya thamani, ambaye anamnyooshea kidole tajiri kumwonyesha kilele. Balmat na daktari wa kijiji, Michel-Gabriel Paccard, ndio waliofika wa kwanza, tarehe 8 Agosti 1786. Mwaka uliofuata Saussure naye alipanda, akiwa na watu 18 wa kumwongoza na kumbebea. Mwaka 1808 akafika mwanamke wa kwanza, Marie Paradis, aliyekuwa mtumishi wa kazi za ndani. Unaona? Kabla Alps haijawa mahali pa watu kama mimi kulipa ili tuchoke, ilikuwa mahali pa maskini kubeba mizigo ya matajiri. Babu zake rafiki yangu walikuwa baba yangu.

Tofauti ni walichofanya baadaye. Mwaka 1820 viongozi watatu wa Chamonix walikufa kwenye maporomoko ya theluji wakiwa kazini na mgeni. Mwaka uliofuata, 1821, wenzao wakaunda chama chao. Wakaweka zamu ili kazi igawanywe, na wakaweka mfuko wa kusaidia aliyeumia na familia ya aliyekufa. Chama hicho kipo mpaka leo, ofisi yake iko katikati ya mji, na ukisema pale babu yako alikuwa kiongozi wa mlima watu wanakusogezea kiti. Heshima ile haikushuka na theluji. Walikaa chini, wakaandika sheria, wakachanga.

Kwetu tunafundishwa shuleni kwamba Hans Meyer alifika kilele cha Kibo mwaka 1889, yeye na Ludwig Purtscheller. Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga anayetajwa kuwa kiongozi wa njia wa safari ile, aliheshimiwa hadharani mwaka 1989, yaani miaka 100 baadaye. Afadhali yeye jina lake tunalijua. Siku hizi wapo wanaofuatilia maslahi ya wapagazi, mizani ipo getini, mambo si kama zamani zile za mzee. Lakini magoti yaliyokwisha hayana mfuko.

Usiku ule nikampigia.

"Pole na safari mama. Umefika juu?"

"Hapana baba. Njia hii haifiki kileleni. Tunazunguka tu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ni kama mimi." Maana wapagazi huishia kituo cha mwisho. Wageni wakienda kileleni usiku, wao hubaki na mizigo, wanachemsha maji ya kuwangojea. Mzee wangu katika miaka 22 hajawahi kufika Uhuru. Nilikuwa ninajua, ila sikuwahi kuliwaza.

Nikamuuliza, baba, kama usingekuwa na mzigo, ungependa kupanda? Akafikiri kidogo. Akasema kuna mahali juu ya Horombo, asubuhi, mawingu yote yako chini yako, na Mawenzi iko upande wako wa kulia. Akasema kila akifika pale alikuwa anapunguza mwendo kidogo, lakini kiongozi asione. Kumbe. Miaka yote ile nilidhani mlima kwake ulikuwa kazi tu, na kumbe alikuwa na kipande chake alichokuwa anakiiba.

Kwa hiyo mzee, najua utasomewa hapa na mdogo wangu: jibu la swali lako ni kwamba umenilipia wewe. Ulibeba ili mimi nipande mikono mitupu, nikasimame pale pazuri kwa muda ninaotaka.

Zile fimbo zangu nimempa Mtanzania mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani, na zimeshafika. Mdogo wangu ameniambia mzee anatembea nazo kwenda kihambani kukata majani ya ng'ombe. Majirani wanamcheka, wanamwita Mzungu. Anasema wacheke, magoti ni yake.

Na nyie mliokulia chini ya mlima ule, au mlima mwingine wowote: kwenu nani alikuwa anabeba? Mkiniambia nitaandika. Jumapili njema.